Mchanga wa Mgiriki

Ukishuka kutoka Kavimvira kwenda Uvira mjini, kabla hujaifikia hoteli ya Mgiriki, mkono wa kulia palikuwa na kibaraza cha Sévère fundi cherehani, na mbele ya kibaraza benchi ndefu ya kanisa. Benchi hiyo haikuibwa, msije mkafikiri vibaya. Ziwa lilipanda tangu mvua kubwa za mwaka wa sitini na moja, likaingia kanisani bila kupiga hodi, na wakati wachungaji wanaokoa vitabu, watu wa mtaa waliokoa benchi. Huo mwaka wa sitini na nne benchi hiyo ndiyo ilikuwa bunge la mtaa, tena bunge lenye faida kuliko lile la Léopoldville, kwa kuwa hapa angalau kahawa ilikuwapo. Mama Geneviève alitua birika lake na makaa yake kila asubuhi, na wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Onesphore aliitwa Radio, kwa sababu alitoa habari kabla hazijatokea. Mzee Bisengimana, zamani karani wa serikali, aliitwa Pourtant, maana hakuna jambo alilolikubali bila kulitanguliza neno hilo la Kifaransa, yaani "hata hivyo". Wa tatu alikuwa Sévère mwenyewe, waliyemwita Mètre kwa ule utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake hata siku asizokuwa na kitu cha kupima.

Asubuhi ile ya Aprili walikuwa wanafanya kazi yao ya kila siku, yaani kuangalia wanawake wa Kavimvira wakipita na mabeseni ya mchanga kichwani.

Mchanga huo una historia yake. Hoteli ya Mgiriki ilikuwa na ufuko mpana, ambako zamani wazungu wa Bukavu walishuka kila Jumamosi kuogelea na kuungua jua kwa hiari yao. Ziwa lilipopanda liliumeza ufuko wote, likaacha vijiti vya miavuli vimesimama majini. Mgiriki akakataa kushindwa. Aliajiri wanawake wachote mchanga kwenye mdomo wa mto, waubebe mpaka mbele ya hoteli, waumwage. Waliumwaga mchana, ziwa likaula usiku, asubuhi wakaanza upya. Ikaendelea hivyo miezi kadhaa, mpaka juma lile ambapo ilisemekana kipande kimoja cha ufuko kimekataa kuondoka.

— Wale, wanapita tena, alisema Radio. Muchanga wa jana uko wapi?

— Maji imeukula, alisema Mama Geneviève. Isipokuwa kile kipande cha mwisho, kule karibu na matete. Kile hakitoke.

— Mugiriki ametia simenti chini, alisema Radio.

— Pourtant, alisema mzee Bisengimana, simenti haiko tena katika Uvira nzima. Njia ya Kamanyola askari wanaifunga leo, wanaifungua kesho, sababu ya wale vijana wa uasi kule mulimani. Simenti itapitia wapi? Ile ni mambo ya wivu. Mugiriki anaona wivu ya Usumbura, kule ngambo ya Burundi. Kule kuko umeme kila njia, kuko sinema, kuko glace ya kulamba. Wazungu wetu wanavuka mupaka, wanaenda kulamba kule. Donc anatafuta kujenga plage ya kushinda ile ya Usumbura.

— Hata minye ninaona wivu, alisema Radio. Ziwa ni moja, lakini upande wetu maji inapanda kwa nguvu kupita upande wao.

— Maji inapanda sawasawa, alisema Mama Geneviève.

— Umepima?

— Weye umekwisha kuona maji katika sufuria inapanda upande moja?

— Sufuria haina mupaka, Mama. Hapa kati kuko mupaka.

Mama Geneviève akatazama makaa yake. Kuna majibu ambayo mtu mwenye akili huyaacha yapite.

Sévère alikuwa ameshika shati la mtu mkononi na sindano mdomoni, na macho yake yalikuwa barabarani, kwa mwanamke aliyekuwa nyuma kabisa ya msafara, mwenye blauzi ya buluu. Yule alikuwa Honorine, mkewe. Waliachana? Hapana, hawakuachana, na hapo ndipo penye tabu.

Mambo yalikuwa hivi. Karibu na Noeli, Étienne, kapita wa Mgiriki, yaani msimamizi wa kazi zake, alikutana na Honorine njiani akamwambia: mama, hii blauzi imekukaa. Basi. Honorine alirudi nyumbani na habari hiyo kwa furaha, maana blauzi aliishona mumewe. Fundi mwingine angecheka, angepandisha bei. Sévère alikaa jioni nzima akijiuliza Étienne alikuwa anaangalia nini hata akaona kwamba blauzi imekaa. Asubuhi, Honorine alipokwenda kuchota maji, Sévère alichukua wembe akafumua blauzi zake zote, mikono huku, kola kule, akavipanga vipande juu ya kitanda. Aliifanya kazi hiyo kwa ufundi wake wote, hata kitambaa kimoja hakikuchanika. Honorine aliporudi hakupiga kelele. Alikusanya vipande ndani ya beseni, akajitwika, akaenda kwa kaka yake Kavimvira.

Sasa, kwa watu wa kwao mke akienda hivyo, mume humfuata. Huchukua mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, hukaa chini mbele ya mashemeji, na kabla mtu hajaonja, husema kosa lake kwa kinywa chake. Hakuna kutuma mjumbe. Na mke asiyefuatwa, hakuna anayetangaza lolote. Siku moja tu watu huanza kumwita kwa jina la baba yake, na ndoa imekwisha. Sévère alikwisha kununua mtungi mara mbili. Mara zote mbili alifika kwenye kona ya mwisho, akayajaribu maneno peke yake kwa sauti ndogo, "nilifumua blauzi za mke wangu kwa sababu mtu alizisifu," akasikia yalivyo, akarudi. Kasiksi aliinywa Radio.

Honorine akapita mbele ya benchi. Blauzi yake aliishona tena yeye mwenyewe, kwa mkono, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu, mishono mikubwa ya mtu aliyekuwa na haraka ya kuvaa. Kila siku uzi ule ulipita mbele ya macho ya fundi. Ulimchoma. Alitaka kusimama amwambie avue aurekebishe, na papo hapo alijua hilo si neno la kumwambia mke njiani mbele ya watu. Basi alishona shati la mtu.

— Jambo, mama, alisema mzee Bisengimana.

— Jambo, muzee, alijibu Honorine, akaendelea na safari. Shingo haikugeuka, kwa kuwa beseni halikuruhusu, au kwa kuwa mwenyewe hakutaka. Sévère alikuwa na miezi minne ya kulichunguza jambo hilo na hakupata jibu.

Radio alimaliza kahawa iliyobaki katika kikombe chake, akaona ni wakati wa kutoa habari kubwa.

— Minye nitawaambia kweli ya ule muchanga. Ile haiko plage. Ni barabara.

— Barabara ya wapi? aliuliza Mama Geneviève.

— Ya Usumbura. Mugiriki anajaza ziwa pole pole. Leo mbele ya hoteli, kesho mbele kidogo, kesho kutwa iko ngambo. Vijana wa uasi wakishuka hapa, yeye anapakia magodoro yake kwenye camion, anavuka mukavu.

— Na vilindi?

— Njo maana kazi haikwishe.

— Pourtant, alisema mzee Bisengimana, kwa nini barabara, wakati kuna avion? Angalieni urefu wa ile fasi. Imenyooka. Nilifanya kazi katika biro ya serikali, ninajua plan. Ile ni fasi ya kutua avion. Wabelgiji watarudi, mutaona, watashuka juu ya muchanga na mavazi ya kuogelea, watu watafikiri ni watalii.

— Na bunduki wataficha wapi katika mavazi ya kuogelea? aliuliza Mama Geneviève.

Mzee akafikiri.

— Ndani ya miavuli, alisema.

Radio hakupenda kuona theluthi mbili za benchi zinaelekea kwenye ndege. Alivuta kiti cha maneno karibu zaidi.

— Muzee, sikuwaambia yote. Muchanga hauliwi na maji. Unauzwa. Asubuhi unakuta hakuna, unasema ziwa, ziwa. Ziwa liko na tumbo gani? Kuna mitumbwi inakuyaka usiku, inapakia, inapeleka Usumbura. Wabibi wetu wanavunja shingo hapa ili watoto wa kule wacheze kwenye muchanga wetu.

Hilo liliwachoma wote. Hata Mama Geneviève, aliyejua kwamba ni uongo, aliwaona kichwani mwake hao watoto wa Usumbura wamekaa juu ya mchanga wa Kavimvira na glace mkononi.

— Nyinyi wote hamuone, alisema Sévère.

Alitoa sindano mdomoni. Wenzake walimgeukia, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa amesema.

— Ile muchanga haina kazi yoyote. Ni Étienne.

— Kapita? aliuliza Radio.

— Ni yeye alimushauri Mugiriki. Ili wanawake wapite, yeye asimame pale na firimbi yake, aangalie.

— Aangalie nani?

Sévère akaupima utepe wake wenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

— Wanawake ni wengi, Mètre, alisema mzee Bisengimana kwa upole.

— Wale wengi ni wa kufunika. Anataka mumoja, anaita makumi matatu, watu wasijue. Na maji haikule kitu. Ni yeye. Watu wakilala anakamata pelle ya kuchotea, anarudisha muchanga katika ziwa, ili kesho kazi isikwishe.

Radio, ambaye katika maisha yake hakuna aliyewahi kumshinda kwa habari, alimtazama Sévère kwa heshima.

— Étienne iko na mugongo mubaya, alisema Mama Geneviève. Kofia yake ikianguka, anangoja mutu apite amuokotee. Bibi yake njo anamuvalisha viatu.

— Anajifanya.

— Tangu mwaka wa hamsini na saba anajifanya?

— Mutu mwenye nia iko na uvumilivu.

— Na weye uko na nini? aliuliza Mama Geneviève. Alikuwa anakoleza makaa na hakuinua kichwa. Minye niko na miaka mingi ya kuuza kahawa, nimeona wabwana wanafuata wabibi wao hata Lemera, kwa mguu, kupanda mulima, mutungi kichwani kama mwanamuke. Kavimvira ni hapa. Birika yangu haiwezi kuchemuka kabla hujafika.

— Nitaenda.

— Ulisema vile kwa Noeli.

— Nitaenda akiacha ile kazi. Nikienda sasa, Étienne atasema nimefuata franga, mushahara wa bibi.

— Étienne hatasema kitu, alisema Radio. Iko na mugongo.

Walicheka, na Sévère akacheka nao, kwa sababu asingecheka wangejua linamuuma. Walikuwa wanajua. Wivu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuuzoea, kama watu wanavyozoea mbwa wa jirani. Ila yeye alijua jambo moja ambalo hakuwaambia: kila jioni, wanawake waliporudi bila mzigo, alimtafuta kwanza Honorine kwa macho, na asipomwona upesi, alihesabu upya msafara mzima. Alimtaka arudi. Alimtaka kuliko alivyomtaka siku ya ndoa. Lakini alimtaka arudi bila yale maneno.

Ndipo akaja mtu kutoka upande wa ziwa, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi. Alikuwa wa umri wa Sévère, mrefu, na shati lake lilikuwa limeshonwa vizuri. Sévère aliliona shati kabla ya kuuona uso. Mabega yamekaa, kola imelala, tundu za vifungo safi. Halikuwa la fundi yeyote wa Uvira, na akamchukia fundi huyo asiyemjua.

— Salama, wazee. Mama, salama. Kahawa iko?

— Iko ya kikombe kimoja, alisema Mama Geneviève. Watu wa Lemera wanaoleta kahawa hawashuke tena. Kaa.

Mgeni alikaa mwisho wa benchi, akavaa viatu, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Alisema anaitwa Nkeshimana, amevuka na mtumbwi wa moteur, anatoka Bujumbura.

— Usumbura, alisahihisha mzee Bisengimana.

— Jina sasa ni Bujumbura, muzee. Tangu indépendance.

— Pourtant sisi pia tulipata indépendance, hatukubadilisha jina la Uvira.

— Mulibadilisha nini?

Mzee akaomba sukari ambayo haikuwapo tangu Pasaka.

— Unafanya kazi gani kule? aliuliza Radio, ambaye alikwisha kuona wasafirishaji wa mchanga mbele yake.

— Hoteli. Niko na patron mumoja mwenye hoteli kando ya maji.

— Plage yenu iko namna gani?

— Plage? Nkeshimana alitikisa kichwa. Plage ilikwisha. Maji imefika kwenye meza za kulia. Wageni wanakula supu, samaki wanapita chini ya viti.

Kuna furaha ambayo si nzuri lakini ni tamu. Radio aliificha yake ndani ya kikombe kitupu. Mzee Bisengimana alisema pole sana, pole kabisa, mara tatu, uso umeng'aa. Hata Sévère alijisikia mwepesi. Kumbe Usumbura na umeme wake ilikuwa inaliwa vilevile.

— Tunamwanga muchanga, aliendelea Nkeshimana, maji inaukula. Patron akasikia kwamba huku kwa Mugiriki kuna kipande kinakataa. Akanituma niangalie.

— Simenti, alisema Radio.

— Hapana. Nimechimba kwa mukono, nimeona. Ni matete. Wanayatandika chini kwanza, wanayafunga, wanapitisha ingine juu yake, sawa mutu anasuka mukeka. Kiisha wanamwanga muchanga. Maji inaingia, inatoka, muchanga unabaki katikati. Kwao Kavimvira, wanasema, njo vile wanatengenezaka fasi ya kutua mitumbwi.

— Étienne aliwaonyesha, alisema Sévère. Sauti ilimtoka kabla hajaiita.

— Kapita? Kapita mwenyewe ameniambia hakujua kitu. Kuko mama mumoja alichoka kumwanga bule kila siku, akafanya fasi yake namna yake. Wengine wakamucheka kwa kujisumbua. Fasi zao zikaenda na maji, ya kwake ikabaki. Ile mwenye blauzi ya bleu na uzi mweupe.

Mama Geneviève akaacha kukoleza makaa. Radio akatazama mbingu. Mzee Bisengimana aliyekuwa na mkono kwenye goti la Sévère aliuondoa polepole.

Sévère alihisi mambo mawili kwa pamoja na hayakupatana. La kwanza lilikuwa fahari, fahari ya kweli, karibu asimame aseme: ule ni wangu. La pili lilikuwa wivu, lakini safari hii hakujua amwonee nani. Étienne alikuwa amemponyoka. Akayaonea wivu matete. Miezi minne alimtazama Honorine asubuhi na jioni, akajua mishono ya blauzi yake yote, wapi imevutwa, wapi imelegea, na hakujua hata siku moja mikono yake ilikuwa inafanya nini huko mwisho wa barabara. Mtu aliyevuka ziwa asubuhi hiyo alikuwa amejua.

— Patron wangu anamutaka, alisema Nkeshimana. Avuke, aonyeshe wanawake wetu. Atapata nyumba ya kulala, na kazi iko ya muda murefu, maana fasi yetu ni kubwa. Na ninyi munajua hali. Wale vijana wa uasi wakishuka hapa, Mugiriki atafunga, na mupaka pia utafungwa. Anayevuka leo amevuka.

— Umemuambia mwenyewe? aliuliza Mama Geneviève.

— Nimemuambia kule kwenye matete. Mutumbwi unaningoja pale chini.

— Amesema nini?

— Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Njo maana nimekuja hapa. Kwetu hatuvushe muke wa mutu bila neno la bwana wake. Kwa douane, pale mupakani, ni matata, na hata bila douane haiko vizuri. Nilimuuliza kapita, akasema ile haiko kazi yake. Nilimuuliza mama mwenyewe. Akaniambia: kaulize pale kwenye banc ya fundi, wale wanajua.

Alimaliza kahawa, akageuza kikombe kuangalia kama kimebaki kitu, akawatazama wote wanne.

— Basi ninauliza. Ule mama, iko na bwana?

Swali dogo namna hiyo. Hata mtoto angelijibu. Radio, aliyejua ndege za Wabelgiji zitatua lini na barabara ya kuvuka ziwa imefika wapi, alianza kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Mzee Bisengimana alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu awe mzee, hata "pourtant" haikutoka. Mama Geneviève alimtazama Sévère moja kwa moja, akangoja. Halikuwa jibu lake, na hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa na haki nalo.

Sévère alijua jibu. Lilikuwa neno moja. Lakini nyuma ya neno hilo aliliona la pili limesimama linangoja zamu yake: kama iko na bwana, sababu gani analala kwa kaka yake tangu Noeli? Na nyuma ya hilo, wembe, na vipande juu ya kitanda, mbele ya mtu mwenye shati lililokaa vizuri. Honorine hakumdai mtungi. Hakumtaka akae chini mbele ya kaka yake. Alimrahisishia njia yote, akamletea swali mpaka kibarazani kwake, la kujibiwa akiwa ameketi. Hilo pia aliliona. Kisha akamtazama Nkeshimana, urefu wake, miguu yake, lile shati, na kilichotoka kilikuwa kile kilichokuwa kimekaa juu ya hayo yote.

— Na weye, alisema, uko na bibi?

— Yesu wangu, alisema Mama Geneviève kwa sauti ndogo.

Nkeshimana alimtazama, si kwa ubaya.

— Hapana, alisema. Lakini swali haikuwa juu yangu, ndugu yangu.

Alingoja tena. Alingoja muda wa kutosha, hakuna atakayesema kwamba hakungoja. Wanawake walikuwa wanakuja tena kutoka Kavimvira na mizigo yao, vumbi mbele yao. Nkeshimana aliinuka, akamrudishia Mama Geneviève kikombe chake, akamshukuru.

— Kama angekuwa na bwana, alisema, mungekuwa mumekwisha kuniambia.

Akawaaga kwa heshima mmoja mmoja, mzee kwanza, akavuka barabara.

— Sema, alisema Radio, bila kumtazama mtu. Mètre. Sema tu.

— Pourtant hajafika mbali, alisema mzee Bisengimana.

Sévère alisimama. Shati la mtu lilianguka, akakanyaga kola. Aliona Nkeshimana amefika kwa wanawake, amemsogelea wa mwisho, amesema maneno machache, na ametikisa kichwa mara moja, kama mtu anayetoa habari ya kawaida. Honorine alisimama. Msafara ulimwacha. Alishika beseni kwa mikono miwili, akalishusha kutoka kichwani, akageuka na kuitazama benchi. Hakuitazama muda mrefu. Halafu aliinama, akaumwaga mchanga pale pale kando ya barabara, mahali ambapo haukuwa na faida kwa Mgiriki wala kwa Usumbura, akalipiga beseni kitako ili lisibaki na kitu, akalishika kwapani, akafuata njia ya kuteremkia majini. Nkeshimana alitembea nyuma yake, si karibu.

— Iko na bwana, alisema Sévère.

Alisema vizuri, kwa sauti ya kusikika. Lakini waliomsikia walikuwa watatu tu, na hao walikuwa wanajua.